Ubao umepasuka ndani ya fremu ya chuma: kosa la fundi au la msanii?

*"Nimekuwa seremala kwa miaka kumi na minne, kazi yangu kubwa ni milango, vitanda na makabati. Mwaka jana mchongaji mmoja wa vyuma alinifuata akitaka tutengeneze pamoja meza isiyofanana na meza nyingine. Nilitoa ubao mmoja mzima wa mtiki, upana sentimita 70, unene sentimita 5, niliouanika kivulini miezi minane. Yeye alitengeneza fremu ya chuma iliyouzunguka pande zote nne. Tukaufunga kwa bolti na kujaza epoksi (gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu) kwenye mwanya. Juu tulilaza ukanda wa shaba ya manjano unaokatiza kutoka ukingo hadi ukingo. Meza ilipendwa mno. Wiki ya sita ikiwa ukumbini, ubao ukapasuka kuanzia kichwani hadi karibu na katikati, na shaba ikanyanyuka. Yeye anasema nilimpa ubao mbichi. Mimi nasema fremu yake ndiyo iliyoubana. Hata hivyo bado anataka tufanye vitu vingine vitatu. Nimwambie nini, na nikikubali nijilinde vipi?"*

Fundi mwenzangu, pole. Kazi ikipasuka karakanani unaificha nyuma ya mbao nyingine na kuendelea; ikipasuka ukumbini watu wanainama kuitazama. Umeniuliza mambo mawili, moja la mbao na moja la watu. Nitaanza na la mbao, maana ukishajua kilichotokea ndani ya ubao ule, nusu ya maneno ya kumwambia mwenzio utakuwa nayo.

Kila mmoja wenu ameshika kipande cha ukweli. Ubao haukuwa mbichi. Fremu nayo, kama ubao ungebaki karakanani kwako, huenda isingeleta shida yoyote kwa miaka. Tatizo ni kwamba ubao uliokwisha tulia katika hewa ya karakana ulihamishiwa katika hewa nyingine, nao ulikuwa umefungwa pande zote usiweze kujongea.

Sisi mafundi tunasema ubao "umekauka" kana kwamba kukauka ni kituo unachofika na kukaa hapo. Sivyo. Mbao hunywa na kutoa unyevu maisha yake yote, hata ikiwa imekatwa miaka mia iliyopita, na kiasi cha maji ndani yake hufuata hewa inayoizunguka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 70 huuacha ubao na maji ya takriban asilimia 13 ya uzito wake mkavu. Hewa ya asilimia 50, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye kumbi zenye viyoyozi, huushusha hadi asilimia 9. Hukunipa kipimo cha ubao wako, lakini tuseme ulikuwa na asilimia 14: ulikuwa mkavu kabisa kwa karakana iliyo wazi. Kwa ukumbi ulikuwa bado una maji ya kutoa. Mkikubaliana juu ya hilo tu, ugomvi wa "mbichi" na "si mbichi" umekwisha.

Sasa tupige hesabu. Mtiki uliopasuliwa kwa namna ya kawaida, duru za mti zikilala sambamba na uso wa ubao, hunywea, yaani husinyaa, karibu asilimia 6 ya upana wake tangu ukiwa umelowa hadi ukauke kabisa kwenye oveni. Ukigawanya safari hiyo, kila asilimia moja ya maji inayotoka inachukua asilimia 0.2 ya upana. Kutoka 14 hadi 9 ni hatua tano: asilimia moja ya upana. Sentimita 70 ni milimita 700, na asilimia moja yake ni milimita 7. Chukua futi uitazame hiyo milimita 7. Ndiyo nafasi ambayo ubao ulikuwa unaitaka, na bolti pamoja na epoksi zikaukatalia.

Kwa urefu hali ni tofauti kabisa. Mbao hainywei kwa urefu ila kwa kiasi kidogo mno, chini ya milimita moja katika mita nzima kwa mabadiliko kama haya. Nyuzi zake ni kama mirija iliyolazwa pamoja: mirija ikipoteza maji kwenye kuta zake inakuwa myembamba, lakini haifupiki. Na kinachoshikilia mrija mmoja na mwenzake ndicho kitu dhaifu kuliko vyote katika mti. Ndiyo maana shoka hupasua kuni kwa kufuata nyuzi. Fremu ile ilishika kingo mbili, ubao ukawa unavutwa kwa ndani huku umeshikwa kwa nje, na ukaachia pale palipo dhaifu. Ufa ulianzia kichwani kwa sababu mirija imekatwa wazi hapo na maji hutoka mara kumi au zaidi kwa kasi kuliko usoni. Kichwa kilinywea kabla ya tumbo.

Kuna jambo moja uende ukalitazame kwa macho yako. Angalia kichwa cha ubao ule, pale penye ufa. Ukiona duru ndogo zilizokamilika, kama jicho, basi ubao una moyo wa mti ndani yake. Mbao ya namna hiyo ingepasuka hata ungeilaza juu ya mto wa pamba, kwa kuwa mti hunywea zaidi kwa kuzunguka duru kuliko kuelekea kiini, na tofauti hiyo ikikutana moyoni hakuna pa kwenda. Kama moyo upo, sehemu kubwa ya lawama ni yako, maana kuchagua ubao ni kazi ya seremala. Samahani, lakini hukuniuliza nikupendelee.

Huenda msanii ameshakwambia au ataambiwa kwamba vanishi nzito ingezuia haya yote. Haizuii. Vanishi, mafuta, nta, hata epoksi ya kupaka, huchelewesha tu. Badala ya wiki ya sita ungepasuka mwezi wa tano. Mwingine atasema muweke chuma kinene zaidi. Wachimba mawe wa zamani walikuwa wakigongomea kabari za mbao kavu kwenye mwamba na kuzimwagia maji, na mwamba ukapasuka. Chuma kinene kitashinda, ndiyo, ila ushindi wake ndio huo ufa ulio nao sasa.

Na ile shaba? Ukanda ulikatiza nyuzi kutoka ukingo hadi ukingo. Shaba haijui unyevu. Hutanuka kwa joto tu, na kwa sentimita 70 joto likipanda nyuzi 20 haizidi robo ya milimita au hivi. Ubao chini yake ulikuwa ukihangaika na milimita 7. Gundi iliyo katikati ikavutwa huku na huku hadi ikachoka, na ukanda usio na pa kwenda ukaenda juu. Mtiki nao una mafuta ya asili yanayoikataa gundi. Kama hukufuta mfereji wa ukanda kwa asetoni muda mfupi kabla ya kugundisha, shaba ilikuwa imeshikwa nusunusu tangu siku ya kwanza.

Meza yenyewe inaokoka. Usikimbilie kuuziba ufa. Ukimimina epoksi leo wakati ubao bado unanywea, utapata ufa mwingine pembeni ya uliouziba, au ule ule utafunguka tena ukiwa na makovu. Legeza kwanza bolti zote, kata epoksi iliyo kwenye mwanya wa fremu, uache ubao upumue. Weka alama ya penseli pale ufa unapoishia na uandike tarehe kando yake. Rudi kila baada ya wiki mbili. Ufa usipovuka alama kwa miezi miwili au mitatu, ubao umetulia na hewa ya pale. Hapo ndipo mnaamua. George Nakashima, fundi wa samani wa Marekani aliyefariki mwaka 1990, alijenga jina lake kwa mbao pana zenye nyufa. Aliziacha wazi na kuzifunga kwa vipande vya mbao ngumu vyenye umbo la kipepeo, vilivyokaa kukatiza ufa. Kipepeo kinazuia ufa usiendelee, na jicho linapata mahali pa kupumzika. Mchongaji wako wa vyuma anaweza kutaka vipepeo vya shaba. Mwache, alimradi viwe vifupi na vikae upande wa ufa ulio mbali na kichwa, penye mwendo mdogo.

Kuhusu vitu vitatu vipya: mimi ningekubali. Mtu aliyeona kazi imepasuka na bado anataka kufanya nawe tena si wa kumwacha hivi hivi. Ila njia ya kufanya kazi ibadilike.

Mkitaka kuendelea na mbao nzima, basi fremu ndiyo ijifunze adabu. Ubao ushikwe imara katikati tu, kwingine bolti zipite kwenye matundu marefu yaliyokatwa kufuata upana, zikiwa na washa pana (pete bapa za chuma) na zisikazwe hadi mwisho. Acha mwanya kati ya ubao na chuma, angalau milimita 4 kila upande kwa ubao kama ule, na usiujaze kitu. Hapa ndipo msanii atakunja uso. Mwanya mweusi kuzunguka meza haukuwemo kwenye mchoro wake. Mwambie achore mwanya. Usiwe kasoro anayoivumilia. Awe yeye ndiye anayeamua unene wake, kivuli chake, kama chuma kiinuke juu ya mbao au kishuke chini. Nimeona kazi nzuri sana zilizozaliwa na mwanya ambao hapo mwanzo hakuna aliyeutaka.

Mkitaka uso usiojongea kabisa, kwa ajili ya mstari mrefu wa shaba au picha inayopita bila kukatika, achaneni na mbao nzima. Tumieni plaiwudi nzuri iliyofunikwa kwa venia, yaani tabaka jembamba la mbao, pande zote mbili, juu na chini, maana ukifunika upande mmoja tu itabenuka. Wasanii wengi huiona venia kama udanganyifu. Mimi sikubaliani nao. Gio Ponti, msanifu wa Italia, alipochora kabati lake maarufu la mwaka 1951 na kumwachia msanii Piero Fornasetti alifunike kwa picha za majengo, alimpa nyuso bapa, tulivu, zisizo na mapambo ya kuchonga, kwa kuwa picha ilihitaji ukuta wa kukaa. Umbo lilifuata kazi ya msanii, na hakuna anayeliita kabati lile la uongo. Hata hivyo kuna kitu mnapoteza: kingo. Ukingo wa plaiwudi hauchongeki kama wa mbao, na mchongaji anayependa kukwangua na kuchoma moto ataifikia gundi baada ya milimita moja.

Njia ya tatu ni vipande vyembamba vyenye nafasi kati yao, kila kimoja kikijongea kivyake. Haina mengi ya kueleza. Inafanya kazi, na msanii ndiye atakayesema kama inamvutia.

Njia yoyote mtakayoichukua, tengenezeni kwanza kipande cha majaribio. Kisiwe kidogo kama kiganja, hapana. Kiwe na upana kamili, hata kama urefu ni sentimita 30 tu, chenye fremu yake, shaba yake na gundi yake. Kikae katika hewa inayofanana na ya ukumbi kwa wiki sita hivi. Kabla ya hapo pima maji ya ubao. Kipima unyevu cha sindano mbili ni kizuri, lakini huna lazima ya kukingoja: kata kipande kidogo mbali na kichwa cha ubao, angalau sentimita 30 ndani, ukipime uzito. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi joto 103 hadi uzito uache kushuka. Kama kilikuwa gramu 114 na sasa ni gramu 100, maji yalikuwa asilimia 14. Ubao ukae ukumbini au chumba kinachofanana nao hadi ukaribie asilimia 9, ndipo uupige randa ya mwisho.

Mimi mwenyewe niliwahi kuruka hatua hii. Nilitengeneza kabati na mfumaji mmoja. Mimi fremu za milango, yeye akazijaza kwa kamba za katani alizozisuka papo hapo, wakati wa kiangazi. Zilikuwa nzuri, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia "kaza, kaza zaidi". Mvua zilipoanza, kamba zikanywa unyevu. Kamba ya katani ikilowa huvimba na kufupika. Miimo ya milango ikavutwa kwa ndani kama upinde, na milango ikaachana katikati kiasi cha kupitisha vidole viwili. Mfumaji alijua fika kwamba kamba hufupika. Hakujua kwamba mbao zangu zilikuwa nyembamba mno kulizuia. Mimi nilijua nguvu ya mbao zangu, sikuuliza kitu kuhusu kamba. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa msanii yeyote ni hili: malighafi yako hufanya nini ikilowa, ikikauka, ikipata joto? Naye huniuliza mimi. Jioni moja ya maswali hayo ingewaokoa nyinyi wawili.

Twende kwa watu. Seremala amezoea oda: mteja anataka kabati, linakaa, analipia, likipasuka ni juu yako. Kazi ya majaribio haiko hivyo. Hakuna hata mmoja wenu anayejua kama itafanikiwa, na ukiichukua kwa bei ya oda umejitwisha hatari ya ndoto ya mtu mwingine. Mkubaliane kabla ya kuwasha msumeno kwamba muda na malighafi za majaribio ni gharama ya mradi, zinalipwa hata kipande kikifa. Ukitoa onyo na mwenzio akaamua kuendelea, andika onyo hilo na tarehe, hata kwa ujumbe wa simu, na ikivunjika pale pale ulipoonya asikudai. Ukikosea kuchagua ubao au kugundisha, hilo ni lako. Andikeni pia nani atatengeneza kitu kikiharibika ndani ya mwaka wa kwanza na nani atalipia usafiri. Usafiri husahaulika kila mara.

Umegusia kujilinda, na mimi naongeza jina, ambalo hukuliuliza. Gerard van de Groenekan alianza kama kijana katika karakana ya mbunifu wa samani Gerrit Rietveld huko Uholanzi, akaichukua mwaka 1924, na kwa miongo mingi aliendelea kutengeneza viti ambavyo dunia inavijua kwa jina la Rietveld. Lakini alivipiga chapa yenye jina lake mwenyewe, na leo wakusanyaji huvipindua kuitafuta. Omba vivyo hivyo: jina lako kwenye kibao cha maelezo ukumbini na chapa yako chini ya kitu. Kuhusu nani ana haki ya kukitengeneza tena, au kutengeneza vingapi, andikeni wazi, kwa sababu michoro ni ya mmoja na violezo na vishikizo ulivyobuni kuikata mbao ni vya mwingine. Sheria za haki za ubunifu hutofautiana nchi na nchi. Kama kuna mnunuzi mkubwa au ukumbi unaotaka mkataba, mwonyeshe wakili kabla ya kusaini. Ada yake ni ndogo kuliko hasara ya sahihi ya haraka.

Bado mikono na mapafu. Kwenye karakana ya samani za kawaida unajua hatari zako. Ukishirikiana na wasanii zinaingia usizozijua. Epoksi isiyokauka ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kukuletea mzio usioondoka tena. Fundi akishaupata, harufu tu ya kopo inaweza kumwasha. Vaa glavu, usinawe kwa asetoni. Vumbi la mbao limewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na la mtiki huwasha ngozi pia. Barakoa ya kitambaa haitoshi kwa vumbi la msasa. Ukianza kuona vipele viganjani au machoni, au kifua kikibana jioni za siku za kazi na kuachia siku za mapumziko, nenda kwa daktari ukiwa na majina ya malighafi mliyotumia. Usimwambie "vumbi" tu.

Kuna mambo ambayo mimi kwa barua siwezi kuyaamua. Kama kati ya vile vitatu kimo cha kukaliwa, kuning'inizwa, au chenye kioo juu ya miguu myembamba ya chuma, mtafute mhandisi au fundi wa miundo aje akiguse kabla umma haujakikaribia. Meza ikipasuka ni aibu. Kiti kikivunjika ni mgongo wa mtu. Na kama meza ya sasa ilishauzwa, usiilegeze bolti hata moja kabla mwenye mali hajakubali kwa maandishi.

Usimjibu msanii kwa simu. Mwombe mkutane ukumbini, mbele ya meza, ukiwa na spana, penseli na futi. Tazameni kichwa cha ubao pamoja kama kuna jicho la moyo wa mti, legezeni bolti moja baada ya nyingine kuanzia upande wa ufa, na upime mwanya kabla na baada. Huenda ukaona ufa unajifunga kidogo mbele ya macho yenu. Usipojifunga, ujue mvutano ulikwisha toka siku ulipopasuka, na hapo wekeni alama ya kwanza ya penseli.